Mlango wa Mwalimu Masunga

Siku ya kuniaga mlinipa doti mbili za vitenge, sufuria kubwa na saa ya ukutani. Nashukuru kwa vyote, ingawa sijui mstaafu anaifanyia nini saa. Lakini siku ile ile, wakati wa kukabidhiana ofisi, Mwalimu Minza, ambaye ndiye mdogo wenu na ndiye mwenye macho, aliniuliza mbele yenu wote: kwa nini juu ya swichi ya taa kuna picha ya mlango, mlango mtupu, hakuna mtu? Nilimjibu kwamba ni mlango wa peponi, mkacheka, tukaenda kula pilau.

Halikuwa jibu la haki. Sasa nina muda, nimekaa barazani kwangu hapa Nyahanga, Kahama, nguo nimeshafua na kuku wameshakula. Nitaandika jibu lenyewe, na kwa kuwa mimi ni mwalimu, nitaanza mbali.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia mjini Shinyanga. Kwenye kikao kimoja cha walimu mkuu wetu aliuliza nani anajua kupiga chapa. Nilinyoosha mkono, maana nilijifunza usichanani kwa mashine ya parokia. Baada ya wiki mbili nikapelekwa kusomea kompyuta, na niliporudi nikaambiwa mimi ni mkufunzi wa TEHAMA katika kituo cha walimu. Utaalamu wangu wote ulianza kwa kunyoosha mkono haraka kuliko wenzangu.

Siku ya kwanza kituoni nilimkuta fundi wetu, Mzee Bundala, amekaa sakafuni akisafisha tumbo la kompyuta kwa brashi ya kupakia rangi. Alikuwa ametengeneza redio nusu ya umri wake, na kompyuta aliziona kama redio zilizokwenda shule. Mimi nilikuwa na cheti kipya mkobani. Nilimwambia kwamba mimi ndiye mkufunzi mpya. Aliendelea kusafisha.

"Siku hizi shikamoo zimekwenda wapi?" aliiuliza ile kompyuta.

Niliona aibu, nikamwamkia.

"Marahaba, mama. Sasa kazi inaweza kuanza. Hapa tunasalimia watu kwanza, halafu mashine. Ukianza na mashine, watu watakukatalia, na mashine bila watu ni bati."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Ningeyashika siku ile, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Mzee Bundala alinifundisha mambo ambayo cheti hakikuwa nayo. Vumbi letu la kiangazi linaingia hata kwenye yai, kwa hiyo brashi iwe kitu cha kwanza mkobani. Ekstensheni iwe ndefu kuliko unavyodhani, maana soketi ya shule huwa iko ofisini kwa mwalimu mkuu na darasa liko ng'ambo ya uwanja. Projekta haionekani mchana kwa sababu madirisha hayana mapazia, basi beba vitenge vinne vya kuziba mwanga, na nyundo, na misumari midogo. Vitenge vyangu vya projekta vilijulikana shule nyingi. Kuna mwalimu mmoja alinisifu kwa wenzake kwamba Mama Kulwa hata akija kazini siku moja anabeba nguo za kubadilisha.

Kikwazo kikubwa darasani hakikuwa mashine, kilikuwa heshima. Mwalimu mwenye miaka thelathini ya chaki hawezi kukubali kukosea mbele ya kijana aliyemfundisha mwenyewe darasa la nne. Walikuwa wanakaa mikono kifuani, wanasema, "Endelea tu madam, tunaangalia kwanza." Wangeangalia mpaka Ijumaa, wasaini mahudhurio, waende nyumbani. Ndipo nikabuni njia yangu. Dakika kumi za kwanza nilikuwa nakosea makusudi. Nabonyeza pasipo, nasahau kuchomeka waya, nakuna kichwa. Baada ya muda mzee mmoja husema kutoka nyuma, "Madam, mbona hujawasha ukutani?" Huyo anakuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, kwa sababu ameshanisahihisha na heshima yake imesimama. Mkisahau yote niliyowafundisha, shikeni hilo.

Kukosea kwa makusudi nilikuwa bingwa. Sasa niwaambie nilivyokosea bila kukusudia.

Zilikuja kompyuta mpakato kwa ajili ya shule chache za msingi kwenye ukanda wa dhahabu, kumi kila shule. Shule ninayoisema iko upande wa Bulyanhulu. Jina lake naliacha. Nitaiita Mawe Mawili, kwa sababu ya majabali mawili yaliyo nyuma ya goli. Ukisimama uwanjani pale unasikia karasha za wachimbaji wadogo zikivunja mawe, na watoto wa darasa la sita walikuwa wanazisikia karasha kuliko kengele. Kila Jumatatu kulikuwa na dawati jingine tupu.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Kabula, binti wa miaka ishirini na sita. Alikuja kwenye mafunzo yangu ya wiki mbili akawapita wote, na sababu aliniambia wazi.

"Madam, nikiwapa kitu ambacho karasha haina, watabaki."

Siku ya kukabidhi mashine nilifika Mawe Mawili na gari la ofisi, nimechelewa, fomu mkononi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Masunga, amenipita miaka mitano. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, shati limenyooshwa, ananisubiri tangu asubuhi.

"Habari za kazi, Mwalimu," nilimwambia. "Tutie sahihi haraka, nina shule nyingine mbili."

Shikamoo sikumpa. Sikusahau, niseme ukweli. Nilikuwa nimekuja na gari.

Ile fomu niliitunga mwenyewe na nilijivunia. Mstari wa mwisho ulikuwa kwa herufi kubwa: KIFAA KIKIPOTEA AU KUHARIBIKA, ALIYETIA SAHIHI ATAJIBU. Nilimsomea mara mbili. Akausoma mwenyewe mara ya tatu, kimya, akatazama dirisha la ofisi lililozibwa kwa mbao mbili na wavu wa kuku, kisha akatia sahihi. Mimi nilikuwa natazama saa.

Niliporudi muhula uliofuata nilikuta kabati la chuma lenye makufuli mawili. Ufunguo ulikuwa kwenye kamba shingoni mwa Mwalimu Masunga, ndani ya shati. Alinifungulia bila ubishi. Kila mashine ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichodarizwa pembeni, kama makochi ya sebuleni. Mke wake ndiye alivishona. Vumbi hakuna hata chembe. Wala hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyewahi kuziona.

"Mwalimu, hizi ni za watoto," nilisema.

"Najua, madam. Na ziko salama."

"Salama kwa faida ya nani?"

Alifunga makufuli yote mawili kwanza, ndipo akanijibu. "Shule niliyotoka waliiba paneli ya sola. Nililala mahabusu siku mbili pamoja na wezi wa kuku. Asubuhi wanafunzi wangu walipita pale dirishani wakienda shule, wakaniona. Wakaniamkia, watoto wenye adabu. Shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu. Na mimi niko ndani." Alirudisha ufunguo ndani ya shati. "Wewe ukitoka hapa unapanda gari. Mimi nabaki na madirisha haya. Ulileta mashine, madam. Hukuleta mlango."

Nilishasikia visingizio vya kila namna: panya wamekula waya, mwalimu wa zamu amefiwa, umeme unaruka. Hiki nacho nikakitia kwenye kapu hilo hilo. Nje Kabula alikuwa ananisubiri kando ya goli.

"Madam, nimeanza kusahau," alisema. "Hata kuwasha nitasahau."

Nilirudi ofisini nimekasirika, na hasira yangu mnaijua. Niliandika taarifa ya kurasa tatu. Kurasa mbili na nusu hakuna anayezikumbuka. Mwishoni niliandika: Mwalimu mkuu wa shule hii ni kikwazo kwa maendeleo ya TEHAMA.

Mzee Bundala aliisoma kabla haijatoka. "Sentensi hii ina miguu, Mama Kulwa. Ikishatoka mlangoni hutaweza kuifuata."

"Ni kweli au si kweli?"

"Nimesema ina miguu."

Niliituma. Baada ya wiki sita Mwalimu Masunga alivuliwa ukuu wa shule akahamishiwa upande wa Geita, mwalimu wa kawaida wa darasa la tatu, akiwa amebakiza kidogo kustaafu. Kabula akawekwa kaimu, akatia sahihi fomu ile ile ya makabidhiano. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kabati lilifunguliwa na vitambaa vikaenda kufutia ubao. Sijapata kuona darasa kama lile. Watoto watano kwa mashine moja, wamebanana, anayesubiri zamu yake anamwelekeza anayebonyeza. Madawati yaliyokuwa tupu yakaanza kujaa. Kuna waliokuja na vumbi la karasha kichwani. Nilimwambia Kabula kila kundi liwekee mashine yake neno la siri, na walibishana kipindi kizima mpaka wakaafikiana kuweka majina ya ng'ombe. Mtoto wa Kisukuma anaweza kusahau tarehe aliyozaliwa, lakini ng'ombe wa kwao hamsahau. Nilipiga picha nyingi za darasa lile na nikazituma juu, na nikasifiwa. Nondo za dirisha hazikumjia mtu yeyote akilini, mimi nikiwa wa kwanza.

Likizo ya Juni mtu aling'oa zile mbao mbili na wavu wa kuku, akaondoka na mashine zote kumi.

Kabula alinipigia kwa simu ya kuazima. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha. "Madam, niko kituo cha polisi. Wananionyesha fomu. Imeandikwa aliyetia sahihi atajibu. Nijibu nini?"

Nilikaa chini pale pale, juu ya boksi la karatasi. Binti yule alikuwa ameshaambiwa kwamba mashine zisipopatikana ataandikiwa mashtaka, na mwalimu kaimu mwenye kesi ya wizi wa mali ya serikali kazi yake imekwisha. Nilijua aliyemfikisha pale. Hakuwa mwizi peke yake.

Mzee Bundala hakunilaumu, angenilaumu ningepata nafuu. Aliniuliza jambo moja tu. "Umemtafuta Masunga?"

"Anisaidie kwa lipi? Yule sasa hivi ana haki ya kunicheka."

"Watu wa pale anawajua nyumba kwa nyumba. Na kwamba atakucheka umejuaje? Humjui. Uliandika habari zake, lakini humjui."

Kesho yake alfajiri tulipanda basi, kisha bodaboda, mpaka shule aliyohamishiwa. Likizo haikumhusu, alikuwa anawafundisha masomo ya ziada watoto wa darasa la tatu, kutoa kwa kukopa, kwenye chumba cha bati kisicho na dari. Aliniona kupitia dirishani akaendelea na somo. Nilikaa kwenye benchi nje kwa vipindi viwili. Mzee Bundala alisinzia. Watoto walipotoka, nilisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alifuta ubao wote kwanza. "Marahaba."

"Mwalimu, nimekukosea. Niliandika kwamba wewe ni kikwazo, na niliandika uongo. Uliniambia shida yako nikaiita kisingizio. Mashine zimeibwa, na Kabula wamemkamata."

"Fomu alitia sahihi nani?"

"Kabula."

"Aliitunga nani?"

"Mimi."

"Yuko ndani siku ya ngapi?"

"Leo ya pili."

Alichukua koti lake kwenye msumari. "Usidhani nakufuata wewe, madam. Namfuata yule binti. Siku mbili zinatosha."

Polisi walitaka wadhamini wawili. Mwalimu Masunga, mtu aliyeogopa kalamu kuliko nyoka, aliomba karatasi akatia sahihi kabla hawajamaliza kumsomea. Mimi nilitia ya pili. Katika miaka yote ya kuwasainisha watu, ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika jina langu mahali ambapo mimi ndiye nitakayejibu. Kabula alitoka ameshika viatu mkononi. Alimwamkia Mwalimu Masunga, naye akamwitikia kwa sauti kubwa, ili walioko ndani na nje wasikie.

Jioni ile ile mkutano uliitwa kwenye uwanja wa Mawe Mawili. Uliitishwa na kamanda wa sungusungu, Mzee Limbu, kiongozi wa ulinzi wa jadi wa pale. Alipendekeza ipigwe kura ya siri, kila mtu aandike jina la anayemshuku. Wengi wakaunga mkono. Mwalimu Masunga akaomba kusema.

"Wabeja, kamanda, nashukuru. Lakini kura itamtaja mtu asiyependwa. Mwizi anaweza kuwa anapendwa na wote." Watu wakacheka kidogo, akangoja wamalize. Kisha akamgeukia Kabula. "Mwalimu, hizo mashine zinafunguka?"

"Hazifunguki bila paswedi, Mwalimu. Na paswedi wanazijua watoto tu."

"Na fundi wa simu kule machimboni?"

"Labda afute kila kitu. Lakini mpaka apate vifaa vya hiyo kazi hapa, si leo wala kesho."

"Basi bado haziuziki. Kitu kisichouzika kinamchosha mwizi." Akawarudia watu. "Mimi sitaki jina. Chumba cha darasa la tatu hapa shuleni kitakuwa wazi siku tatu. Hakuna kufuli, hakuna mlinzi, hakuna wa kuchungulia. Aliyechukua arudishe. Baada ya siku tatu, kamanda, itakuwa kazi yako."

Mzee Limbu alisimama, akasema yale ambayo kila mtu pale alishayajua. Atakayekutwa na mashine baada ya siku tatu atatengwa. Hasalimiwi, haazimwi moto, hachotewi maji, akifiwa atazika mwenyewe. Mgeni anaweza kudhani adhabu hiyo ni ndogo. Kwetu kuna watu waliohama mkoa kwa sababu ya asubuhi chache ambazo hakuna aliyewaamkia.

Jambo la mwisho aliloagiza Mwalimu Masunga liliwahusu watoto. Kwa siku tatu hizo, asitajwe ng'ombe yeyote kwa jina. Nilikaa kijijini siku zote tatu, nimefikia kwa Kabula, na nawahakikishia kwamba agizo lilitiiwa. Wachungaji walipita wakiwaita ng'ombe wao "wewe" na "yule." Kabula hakula chakula cha maana. Mwalimu Masunga alikuja kila jioni, akakaa naye barazani kwake akimsahihishia madaftari, wala habari ya mashine hakuigusa.

Siku ya kwanza chumba kilikuwa kitupu, ya pili kitupu. Asubuhi ya tatu kulikuwa na magunia mawili ya mpunga sakafuni. Ndani yake tulihesabu mashine saba. Watoto waliziwasha mmoja mmoja, wakaandika majina ya ng'ombe wao huku wameziba kwa kiganja, na zote saba zikafunguka. Hapo ndipo Kabula alipolia. Tatu hazikuonekana mpaka leo, lakini kwa zile saba na kwa kauli ya kijiji kizima polisi walikubali kwamba yeye si mwizi, akarudi darasani. Sasa ni mwalimu mkuu, na mnamjua kwa ukali wake.

Mwalimu Masunga sikuweza kumrudishia kilicho chake. Niliandika taarifa ya pili, nikakana sentensi yangu, nikaeleza kila kitu. Taarifa ya kwanza ilifika na kufanya kazi ndani ya wiki sita. Ya pili nadhani bado iko njiani. Nilifuatilia ofisi hadi ofisi mpaka walinzi wakanizoea, na yeye akabaki darasa la tatu. Linaniuma mpaka leo, na sitaki kuwaficha kwamba linaniuma.

Nilichoweza kufanya nilikifanya kwa ukaidi wangu wote. Fomu ile niliichoma. Tangu hapo hakuna mashine iliyotoka kituoni kwa mkono wangu kabla ya mkutano wa kijiji. Kwanza wazazi wanafyatua matofali, madirisha yanawekewa nondo, unakuja mlango, sungusungu wanapanga zamu, ndipo mashine. Na makabidhiano yanasainiwa na mkutano mzima, asiyeandika anaweka dole gumba, hakuna jina linalosimama peke yake. Kuna wakati mashine zilikaa kituoni miezi mingi zikingoja matofali, na wakubwa wakaniuliza kama mimi ni mkufunzi wa TEHAMA au mkandarasi. Niliwajibu kwamba ni vyote viwili. Waliniandikia barua ya onyo, nikaipokea, nikaiweka kwenye faili, nikaendelea kungoja matofali.

Basi vikaja vishikwambi kwa shule za upande wa Geita, na kwenye orodha nikaiona shule ya Mwalimu Masunga. Sikungoja mkutano wala wazazi. Niliagiza mlango wa chuma kwa fundi wa hapa Kahama, nikapakia kwenye pikapu pamoja na fundi mwenyewe, nondo na saruji, nikaenda wiki moja kabla ya vifaa.

Alikuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu. Alitoka darasani, chaki mkononi, akasimama mbele ya gari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Umeleta nini safari hii?"

"Mlango."

Alizunguka nyuma ya pikapu, akaugonga kwa vidole, akainama kukagua bawaba. Kisha akavua koti akasaidia kuushusha. Wazazi waliitwa, fundi akauweka, na saa saba mchana ulikuwa umesimama. Mwalimu Masunga aliufunga, akaufungua, akaufunga tena, akausukuma kwa bega lake la uzee. Haukutikisika.

"Huu unafunga," alisema. "Sasa mashine ziko wapi?"

"Zinakuja wiki ijayo. Ninayo moja tu ya mfano, mkobani."

"Nionyeshe." Akajifuta chaki kwenye suruali. "Nimelala na ufunguo wa mashine kumi shingoni muhula mzima, na sijawahi kugusa hata moja. Nilikuwa nangoja nialikwe."

Nilikuwa nimemfundisha Kabula, nimewafundisha walimu wenzake, nimewafundisha watoto, nimemfundisha hata mlinzi kuchaji simu kwenye betri ya sola. Nilimfundisha kila mtu Mawe Mawili isipokuwa mwenye ufunguo. Machozi yalinitoka mbele ya fundi na wazazi, na sikuyafuta.

Tuliketi juu ya mfuko wa saruji uliobaki. Nilianza kama kawaida yangu, nikabonyeza pasipo.

"Umebonyeza pembeni, mama," alisema papo hapo.

Nikampa kishikwambi. Alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga wa kwanza. Nilimwonyesha kamera ilipo, nikamwambia apige picha ya chochote akipendacho. Watoto wa darasa lake walikuwa wametuzunguka, wanasukumana, wananyoosha vidole, kila mmoja anataka awe wa kwanza.

"Ngojeni," aliwaambia. Aliinuka, akatupa mgongo sisi sote, akaukabili mlango, akarudi nyuma hatua tatu. "Tuanze na huyu."

Ndiyo picha hiyo, Mwalimu Minza. Mkipaka rangi ofisi, irudisheni juu ya swichi.